Shujaa Asiye na Ukoo Kwetu

TUSEMEZANE
Na Mapendo Bahati

Kilio huanza na mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Ndivyo wahenga walivyopanga mambo, na wanaotucheka kwa kuwalilia watu maarufu huegemea hapo: umemlilia nani, ikiwa hukuwahi hata kumpa mkono? Januari 2, 2014, Kanali Mamadou Ndala aliuawa karibu na Beni, miezi miwili hivi baada ya kuongoza makomando waliowatoa waasi wa M23 kwenye vilima vya kaskazini ya Goma. Goma ililia waziwazi. Julai ya mwaka uliotangulia watu walikuwa wameandamana kwa sababu tu ya uvumi kwamba Kinshasa inamwondoa Goma na kumrudisha huko. Sasa alikuwa amerudishwa kwa namna isiyo na rufaa. Miongoni mwa waliomlilia walikuwemo watu wa milima ya Masisi na misitu ya Walikale, ambao walimjua kwa sauti ya redio na picha za simu, basi. Wapo wanaouita msiba wa namna hiyo mchezo. Mimi nauona kuwa kati ya mambo machache yenye akili ambayo siasa ya mkoa wetu wa Kivu Kaskazini imewahi kuzaa.

Ushindi peke yake hauelezi machozi yale, maana makamanda walioshinda vita tumewaona wengi na wengine tumewakimbia. Ndala hakuwa Mhunde, hakuwa Mnyanga wala Mtembo, hakuwa Mhutu, Mtutsi wala Mnande. Asili yake ilikuwa Haut-Uélé, mbali na ugomvi wetu wa mashamba na malisho. Asiyejua Masisi hawezi kupima uzito wa jambo hilo. Machi 1993, kwenye soko la Ntoto katika teritware ya Walikale, wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga waliwaua Wahutu waliokwenda kuuza na kununua. Katika wiki zilizofuata moto ukaenea Masisi, na huko kila upande ukaua na kuuawa. Tangu hapo maiti kwetu ina kabila kabla ya kuwa na jina. Kila jamii ina wafu wake, na tarehe zake za kuwakumbuka. Ukienda matangani kwenye kilima cha wengine, watakukaribisha, lakini kuna macho yatakayouliza umekuja kulia au kuhakikisha. Mtu asiye na ukoo kwetu ndiye aliyeweza kuliliwa bila swali hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kutomjua kwetu, ambako wakosoaji wanakuona kuwa kasoro, ndiko kulikotuweka kwenye mkeka mmoja.

Wakosoaji watasema hesabu haikai sawa. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, kwenye vijiji vya Luvungi na jirani zake, huko huko Walikale, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 380 waliobakwa. Nani aliingia barabarani kwa ajili yao? Kuhusu kifo cha Ndala, mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu Beni mnamo Novemba 2014, kabla mwaka haujaisha, hata kama wengi hawakuridhika nayo. Kwa Luvungi, mkuu wa wanamgambo Ntabo Ntaberi Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2020, miaka kumi baadaye. Siipingi hesabu hiyo. Ila inathibitisha kwamba kilio cha wengi kinaharakisha serikali, na kwa hiyo lawama imwendee yule anayesubiri kelele ndipo afungue jalada, siyo mama aliyelia. Tena matanga yanataka vitu: nyumba, uwanja, majirani wa kukesha, bugali na maharagwe ya kuwalisha. Familia ngapi za Masisi zimezika usiku na kuondoka kabla ya alfajiri, au hazikuzika kabisa? Aliyenyimwa kilio cha mwanawe akipata kilio cha kanali, humo ndimo atakapomlilia mwanawe. Hajamsahau wa kwake. Amepata pa kumpeleka.

Kwamba Ndala alikuwa ofisa wa jeshi lile lile ambalo askari wake, wakikimbia Goma Novemba 2012, walibaka wanawake na wasichana zaidi ya mia moja Minova, ni kweli, na waliomlilia walijua. Ndiyo sababu walimlilia. Askari anayesimama mstari wa mbele badala ya kumgeukia raia alikuwa kitu kigeni kiasi hicho.

Pingamizi linalonisumbua ni jingine. Si wote waliolia. Watutsi wa Masisi, ambao baadhi ya jamaa zao wako kambini Rwanda tangu miaka ya 1990, hawakuwa na sababu ya kuupokea ushindi ule kama tulivyoupokea sisi. Wengine waliusikia na kuogopa kitakachowapata. Mkeka niliousifu ulikuwa na watu waliobaki nje, na kusema “sote tulilia” ni kuwafukuza mara ya pili. Lakini hilo linaonyesha mahali ambapo ugeni wa Ndala ulikomea. Halionyeshi kwamba ugeni hauna kazi. Tazama marehemu aliye mbali zaidi. Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, ndilo pekee lililobaki la mwili ulioyeyushwa kwa tindikali mwaka 1961, na nchi ikaliandalia mazishi Kinshasa Juni 30. Wengi walioomboleza walikuwa hawajazaliwa alipouawa. Mtu wa Sankuru, aliyeuawa Katanga, hana kilima cha kugombania huku kwetu, na sijasikia jamii ya Masisi inayosema Lumumba ni wa wale.

Mashujaa wanaotengenezwa sasa ndio wanaonitisha. M23 waliingia Masisi-centre Januari 2025, wakafika Walikale-centre Machi na kuondoka Aprili, na njiani kila upande umejipatia majemadari wake, wenye picha zao kwenye simu na sifa zao vinywani. Hawa siyo wageni. Kila mmoja ana kijiji, wajomba na maadui wa ukoo, na akifa analiliwa na nusu ya soko wakati nusu nyingine inafunga vibanda mapema. Msiba huo nao ni wa mtu maarufu, tena wengi wanaomlilia hawajawahi kumwona, lakini unafanya kinyume cha ule wa 2014: mfiwa anajua ni nani wa kumlipizia.

Kwa hiyo nina ombi kwa redio za jamii zilizobaki hewani Masisi na Walikale, na kwa maparokia. Anayetaka kumkumbuka Ndala kila Januari 2 amkumbuke. Wakati watu bado wameketi, asome pia habari za wafu wa soko la Ntoto, kisha za waliouawa Masisi katika majuma yale, upande huu na upande ule, na asomaye awe mtu wa jamii nyingine.