Daftari la Zamani Lisifungwe Mapema



Viwandani na mashambani, menejimenti zinaleta kompyuta za kuhesabu mishahara yetu. Sisi hatuipingi kompyuta. Tunalouliza ni hili: daftari la zamani litafungwa lini, na ni nani atakayeamua lifungwe?

Njia za kuhamia mtambo mpya ni nne. Ya kwanza ni kuzima wa zamani leo na kuwasha mpya kesho. Ya pili ni kuanza na idara moja, nyingine zikingoja matokeo. Ya tatu ni kuhamisha kazi hatua kwa hatua: kwanza mshahara wa kawaida, baadaye ovataimu na makato. Ya nne ni kuendesha yote miwili sambamba kwa miezi kadhaa na kulinganisha hesabu. Ya kwanza ni nafuu kwa mwajiri, lakini hatari yake yote humwangukia mfanyakazi.

Tutazame Kanada. Mwaka 2016 serikali ya huko iliwahamisha watumishi wapatao 290,000 kwenye mtambo wa mishahara uitwao Phoenix, kwa mikupuo miwili tu, Februari na Aprili. Jaribio la idara moja lilikuwa limepangwa, likafutwa. Makarani wengi wazoefu walikuwa wamekwisha kuondolewa, na kazi kukusanywa katika kituo kimoja mjini Miramichi. Wako watumishi waliopunjwa, wako waliokosa mshahara kabisa, na wako waliozidishiwa kisha wakadaiwa.

Ikiwa serikali tajiri ilikwama hivyo, mchuma chai anayelipwa kwa kilo atajitetea kwa nini? Kilo zake zikipotea ndani ya mashine na daftari la karani halipo, hana ushahidi.

Kwa hiyo kamati za matawi zidai mambo matatu kabla mtambo haujawashwa:

Kwanza, ujaribiwe katika idara moja, kisha hesabu za zamani na mpya ziende sambamba mpaka zilingane miezi mitatu mfululizo, wajumbe wa wafanyakazi wakishuhudia.

Pili, karani yeyote asipunguzwe kabla ya hapo.

Tatu, atakayepunjwa alipwe taslimu siku hiyo hiyo, na aliyezidishiwa asikatwe kwa mkupuo.

Haya yaandikwe katika mkataba, yasibaki ahadi za mdomo. Jiko la mfanyakazi halimngoji fundi wa kompyuta.

Umoja ni nguvu!