Tusishuke Kisimani kwa Kuamini Chombo Rahisi

Wanachama wenzangu,

Afikaye Ikoma, wilaya ya Serengeti, hukutana na ndorobo. Nzi huyu, ambaye sisi wa Unguja tulikuwa naye mpaka miaka ya 1990, humtafuta ng'ombe kwa kunusa pumzi yake, ambayo ndani yake mna hewa ya kaboni dioksidi. Nzi anaitambua, lakini kwa pua zetu haina harufu.

Barazani si neno, bali kisimani ni mauti. Hewa hii ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, basi hutuama chini ya kisima kikuukuu. Wenzetu wa Goma, Kongo, huiita mazuku inapotuama mabondeni, na imekwisha kuua watu na mifugo. Katika hewa ya nje mna sehemu 420 hivi kwa milioni. Zikifika 40,000, maisha yamo hatarini.

Siku hizi vyauzwa vyombo vidogo vinavyodai kuipima. Vingi vya bei rahisi vina oksidi ya bati, yaani bati lililoungana na oksijeni, kama kutu ilivyo kwa chuma. Ufundi huu ulianza Japani miaka ya 1960, na kwa kazi yake ni mzuri. Oksidi hiyo hupashwa moto. Ikiguswa na hewa iwezayo kuungua, umeme hupita kwa wepesi zaidi. Lakini kaboni dioksidi imekwisha kuungua, na jivu haliwaki mara ya pili. Chombo hicho basi hukisia tu, kwa kupima mivuke mingine. Kiweke ghalani penye karafuu, kitapiga kelele bure. Kishushe kisimani, chaweza kunyamaza na mtu anakufa.

Wataalamu wamejaribu kuchanganya oksidi ya shaba na bariamu titaneti ili kuihisi hewa hii, lakini unyevu huvipotosha vipimo, nasi visiwani unyevu hatuukosi. Cha kutegemewa ni chombo kinachopima kwa mwanga wa infraredi, ambao kaboni dioksidi huumeza.

Rai yangu ni kwamba Chama kinunue kimoja cha namna hiyo, chenye kupima oksijeni pia, na kila mwanachama mwenye kisima aweze kukiazima kabla fundi hajashuka.

Watakuwapo watakaosema ni ghali, na koroboi yatosha. Koroboi huzimika oksijeni ikipungua sana. Yaweza kuwaka ilhali kaboni dioksidi imekwisha kuwa sumu. Tena mtu akianguka chini, nduguye humfuata kwa huruma, wakafa wawili.

Gharama ya chombo tutaichanga na kuisahau. Jeneza lililotoka kisimani halisahauliki. Naomba jambo hili liletwe katika mkutano wetu ujao, kabla kisima kingine hakijafukuliwa.