Povu Linaloanzia Kipkelion

Povu la sabuni hudanganya macho. Kwenye vivuko vya mto Kipchorian, hapa Kipkelion katika Kaunti ya Kericho, sabuni ya unga huongezwa hadi povu lifunike maji, kwa imani kwamba povu jingi ndilo linaloondoa uchafu. Nguo haitakati zaidi kwa povu hilo, na sabuni inayobaki mtoni haiachi kufanya kazi eti kwa sababu nguo zimeshaanikwa. Kwa maoni yangu, kufulia ndani ya mto kunapaswa kukoma, na serikali ya kaunti ndiyo inayopaswa kuwapa watu mahali pengine pa kufulia.

Hoja hii inatokana na umbile la sabuni yenyewe. Molekuli yake ina kichwa chenye chaji ya umeme, kinachopatana na maji, na mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni wenye asili ya mafuta. Husemwa mara nyingi kwamba mkia huo unayachukia maji, lakini sivyo hasa. Molekuli za maji ndizo zinazoshikamana zenyewe kwa zenyewe, na mkia ukijipenyeza kati yao huzilazimisha kujipanga upya kuuzunguka, zikapoteza uhuru wa kwenda huku na huku. Ndiyo maana mkia husukumwa nje. Sabuni ya kwanza kuingia kwenye karai hupanda juu, vichwa vikabaki majini na mikia ikaelekea hewani, na uso wa maji ukalegea. Mvutano wa uso wa maji safi ni takriban milinyuton 72 kwa mita. Sabuni huweza kuushusha hadi thelathini na kitu. Hapo ndipo maji yanapopenya nyuzi za kitambaa badala ya kukaa juu yake kwa matone.

Uso ukishajaa, molekuli zinazoongezwa hukusanyika ndani ya maji kwa vifungu vya mviringo, mikia ikijificha katikati na vichwa vikitazama nje. Kwa sodiamu dodesili salfeti, inayotumika sana katika shampuu na dawa za meno, hali hiyo huanza kwenye takriban gramu 2.3 kwa lita moja ya maji, na kila kifungu huwa na molekuli 60 hivi. Ndani ya vifungu hivyo ndimo mafuta ya kola ya shati yanamobebwa. Tangu hapo mvutano wa uso haushuki tena hata ukimwaga pakiti nzima, na vifungu vya kutosha kubeba uchafu vikishapatikana, kiganja cha ziada ni hasara tu. Povu ni hewa iliyozingirwa na utando wa sabuni, basi. Sabuni za mashine za kufulia hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na nguo hutoka zikiwa safi.

Sasa tuangalie yanayotokea mtoni. Wapo wadudu wembamba wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji tulivu. Kinachowabeba ni mvutano ule wa uso, na ukishuka sana wanazama. Samaki wana taabu kubwa zaidi. Mashavu yao, yanayochuja oksijeni, yamefunikwa kwa ute na ngozi nyororo iliyojengwa kwa mafuta na protini, na mkia wa sabuni hautofautishi mafuta ya kola na mafuta ya shavu la samaki. Kemikali inayotumika zaidi katika sabuni za unga, alkilibenzini salfoneti yenye mkia ulionyooka, huweza kuua samaki ikifikia miligramu chache tu kwa lita. Kipchorian huingia Nyando, na Nyando hupita Muhoroni na Ahero hadi Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Samaki aina ya ningu wa ziwa hilo hupanda mito kutaga mayai mvua zinapoanza. Walipunguzwa kwanza na nyavu, na hiyo ni sababu zaidi ya kutowaongezea adha nyingine.

Watetezi wa sabuni za siku hizi watasema kwamba zinaoza. Ni kweli, na ni maendeleo makubwa. Katika miaka ya 1950 sabuni za viwandani zilikuwa na mikia yenye matawi ambayo bakteria walishindwa kuikata, na povu likalundikana kwenye mito ya Ulaya na Marekani. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria mwaka 1961 ya kuzizuia, na kufikia 1965 watengenezaji wa Marekani nao walikuwa wamehamia mikia iliyonyooka. Lakini bakteria huhitaji siku, tena huhitaji oksijeni ileile wanayoivuta samaki. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde husafiri kilomita 86 kwa siku moja, kwa hiyo kinachomwagwa Kipkelion kinaweza kufika mbali kabla ya kuvunjika. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba na wafuaji wakiwa wengi, hata hoja kwamba maji huizimua sabuni hupungua nguvu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la haki. Kwa nini mama mwenye beseni alaumiwe, ilhali udongo, mbolea na maji machafu ya viwanda na miji huingia mto huohuo? Nakubali kwamba mzigo wake ni mdogo kuliko hiyo yote, na sitaki askari wa kumfukuza kivukoni. Anafulia pale kwa sababu maji yako pale. Akiambiwa ateke maji apande nayo kilimani, ameongezewa kazi bila malipo. Ndiyo maana wajibu wa kwanza si wake. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na imezikabidhi kaunti huduma za maji na usafi.

Suluhisho si ghali. Kericho ni nchi ya mvua, na maji ya mvua kutoka bati hayana chokaa, kwa hiyo hata sabuni ya kipande hutoa povu upesi na hakuna haja ya kuzidisha unga. Matangi kwenye shule, makanisa na masoko, pamoja na majukwaa ya saruji ya kufulia yaliyojengwa mbali na kingo, yangetosha kuanzia. Maji machafu yaelekezwe kwenye nyasi, ambako udongo hunasa sabuni na bakteria wenye hewa ya kutosha huila polepole. Yasielekezwe kwenye bustani ya sukuma wiki, maana sodiamu huharibu udongo. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Kericho, tengeni fedha za majukwaa hayo katika bajeti ijayo, na muanze na vivuko vya Kipchorian.