BARABARA ina A nne

Mwalimu anayesoma ukurasa huu na achukue fonti yoyote ya kompyuta iliyobuniwa ifanane na kazi ya mkono: zile herufi nene, zenye mzaha, zilizopinda kana kwamba zimechorwa kwa brashi. Kisha aandike neno BARABARA. Mara nyingi atakuta A nne zilizopinda mahali pale pale, zenye kovu lile lile. Mkono wa binadamu haufanyi hivyo.

Kiswahili huifichua hila hiyo upesi kuliko Kiingereza. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Hazina budi kurudiwa, na a ndiyo inayotawala. Baadhi ya wabunifu wa fonti wameutambua udhaifu huo, wakaipa kila herufi maumbo mawili matatu ili kompyuta iyatumie kwa zamu. Maumbo matatu kwa A nne!

Sina chuki na fonti za namna hiyo. Comic Sans, aliyoibuni Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994 kwa kufuata maandishi ya vitabu vya katuni, nimeiona hata katika karatasi za mitihani, na inasomeka vizuri. Ninalolipinga ni kuufanya mwigo huo uchukue nafasi ya mkono wenyewe.

Nimepata kufika Kau, kijiji kilichoko ukingoni mwa mto Ozi, juu kidogo ya Kipini. Palikuwa na kiduka kilichoandikwa DUKA LA BARAKA kwa rangi ya mafuta. Ile B ilivimba kama tanga lililoshiba upepo. A za mwisho zilibanwa kwa kuwa dirisha lilikuwa karibu. Hapakuwa na mbili zilizolingana, na bado kila moja ilisomeka kuwa A. Mchoraji yule alijua jambo ambalo mimi huwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kwa muhula mzima: kwamba umbo hubadilika kulingana na jirani zake pasipo kupoteza maana. Bango la plastiki lililotundikwa kando, lililochapishwa mjini, lilikwisha kupauka.

Pwani hii haikuanza jana kuheshimu mkono unaoandika. Kaskazini ya hapo, Lamu, aliishi Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa alizonakili ni utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye masimulizi humweka huko huko Ozi. Wataalamu wa Ulaya walimwendea wapate hati zake, na nyingine zimehifadhiwa London hadi leo. Sisi wenyewe tunamwona mchoraji wa mabango kuwa mtu aliyekosa kazi nyingine!

Nitaambiwa kwamba kuchapisha ni rahisi na haraka. Ni kweli, na kwa tangazo la siku moja sina ubishi. Lakini jina la shule hukaa miaka mingi. Kwa nini mwalimu mkuu wa kijijini apeleke fedha mjini kununua herufi zinazojifanya za mkono, ilhali mchoraji yuko umbali wa hatua chache? Amwite, amlipe, na darasa la sanaa lisimame nyuma yake siku hiyo limtazame anavyopima ukuta kwa kamba kabla ya kuichovya brashi.