Daftari Langu Siuzi

Ukimwonyesha Mkenya kitu umetengeneza na mikono yako, anza kuhesabu. Hutafika tatu kabla akuulize, "Unauza ngapi?" Asipouliza hivyo, atauliza, "Hii ni kazi ya mtoto ya CBC?" Hayo maswali mawili nimeyasikia kwa matatu ya Njoro, kwa foleni ya benki, kanisani, hadi matangani. Ati watu wanapanga mazishi, na bado kuna mjomba pale pembeni ananipigia hesabu ya faida ya madaftari.

Basi leo tugombane kidogo. Msimamo wangu ni huu: si lazima kila kitu mtu anajua kufanya kigeuzwe biashara, na huyo anayekuuliza bei kila saa hakusaidii, hata kama anakupenda.

Kwanza tuelewane naongelea nini. Mimi hutengeneza madaftari yangu mwenyewe. Nachukua karatasi 20 za A4, zile za kawaida za gramu 80. Nazipanga tano tano, nakunja kila fungu katikati na kusugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko mpaka ulale. Hayo ni mafungu manne, kurasa 80. Natoboa matundu kwa sindano nene, nashona kwa uzi wa viatu, halafu nalaza kitu yote chini ya matofali usiku kucha. Jalada ni kadibodi ya boksi iliyovikwa kitenge, mabaki ambayo fundi wa nguo angetupa. Nikibahatika, ni kipande cha ngozi kutoka kwa fundi wa viatu, na hapo sigundishi kitu: mafungu yanabanwa na mpira niliokata kwa tyubu ya baiskeli, ndiyo moja likijaa nalitoa naweka lingine. Wajapani wa Midori wameuza mtindo kama huo tangu 2006. Mimi tyubu naokota.

Rimu moja ya karatasi 500 inatoa madaftari 25. Hiyo ndiyo hesabu pekee ya biashara mtapata kwangu leo.

Ndani napanga nitakavyo. Kurasa zingine zina mistari, zingine hazina kitu, zingine nimejaza vidoti kwa rula. Kuna mfuko wa tiketi, kuna stika, kuna tepu za rangi. Wengine wanafuata mtindo wa Ryder Carroll, yule mbunifu wa Marekani aliyeutangaza 2013, wa vidoti na alama fupi fupi za kupanga siku. Mimi nachukua ninachotaka na kuacha kingine. Na hapo ndipo penye utamu wote: daftari la kujipangia ni la kujipangia. Biashara ina mteja, na mteja akiingia, yeye ndiye anachagua rangi.

Kuna msichana namjua upande wa Egerton aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wangu mara kumi. Majalada yake ungedhani yametoka kwa makumbusho. Watu wakamwimbia wimbo ule ule: anza biashara, fungua ukurasa, usikalie kipaji. Akaanza. Ofisi fulani ikampa oda ya madaftari 40 ya zawadi za mwisho wa mwaka, yote rangi moja, yote na nembo yao. Alishona wiki tatu. Vidole vikapasuka. Pesa ilikuja mwezi wa nne, baada ya kupiga simu mpaka ikaonekana kama ni yeye anadaiwa. Leo ukimuuliza daftari lake mwenyewe liko wapi, anakuonyesha simu. Sindano hajaishika tena. Na wale waliomsukuma? Hakuna hata mmoja aliyenunua.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba." Sawa, tuongee juu ya njaa. Mtaani kwetu kuna watu wana digrii na wanaendesha boda. Kuna wanaoamka saa kumi usiku kuwahi kazi ya kibarua. Mtu akiamua kushona madaftari alipe nyumba, nitanunua na nitamletea wateja. Sina ugomvi na muuzaji. Ugomvi wangu ni na ile sheria isiyoandikwa kwamba asiyeuza anacheza, na anayecheza ni mjinga. Hiyo njaa haikuletwa na tepu za rangi. Daftari langu linakula pesa kidogo kuliko ile vijana wengi wanaacha kwa kubeti Jumamosi moja, na mwisho wa siku mimi nabaki na daftari.

Tangu kampeni za 2022, neno hasla limekuwa cheo. Novemba 30 mwaka huo Hazina ya Hasla ikazinduliwa, mkopo kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Mkopo ni mkopo, anayeuhitaji achukue. Mimi nasikiliza lugha. Siku hizi kulala ni uvivu, kuoka keki ni mtaji uliolala, kuimba bafuni ni kipaji unapoteza. Mtu akikaa kivulini Nyayo Gardens anachora tu, anaonekana kama amekosa kazi, hata kama ametoka kazini saa hiyo hiyo.

Na mnajua kuna sheria juu ya hii maneno? Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990, unasema kwa kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya mapumziko na wakati wake mwenyewe, na kazi iwe na kikomo. Kila mtu. Hawakuandika "isipokuwa kijana wa miaka 22 wa Kaptembwo ambaye bado hajajipanga."

Wengine wanasema hii ni mambo ya wazungu wa intaneti. Kwani umesahau sebule ya mama yako? Vile vitambaa vyeupe vya kufumwa vilivyofunika kila kiti, meza, redio na televisheni, ambavyo ukiweka kikombe juu yake bila sahani unatafutiwa mwiko? Mama alifuma hivyo usiku baada ya kazi, akachagua maua yake, akabishana na jirani nani amemwiga nani. Nani alimuuliza mapato? Shosho zetu wamesuka viondo wakitembea, wakiongea, na kingine kilikuwa cha kuuza na kingine kilikuwa chake tu. Na yule jamaa wa boda ambaye ameweka taa za buluu, maua ya plastiki na maneno ya busara kwa madigadi, mbona hamumwambii hiyo ni ya watoto? Pikipiki inapambwa, daftari linaonewa.

Hata shuleni tulijua. Vitabu vyote vilifunikwa na karatasi ya kaki, jina, darasa, somo, basi. Ukichora kwa jalada unaitwa ofisini. Lakini fungua kurasa za mwisho uone: nyimbo zilizonakiliwa neno kwa neno, majina ndani ya kopa, magari, nywele, mipango ya maisha. Darasa la nane likiisha, vitabu vya autografu vinazunguka na kila mtu anaandika kwa kalamu ya rangi yake. Nje ilikuwa ya shule, nyuma ilikuwa yetu. Mimi nimehamisha tu kurasa za nyuma nikazileta mbele.

Nitasema jambo lingine, na mkitaka mtanyamaza. Juni 2024 vijana walitoka barabarani juu ya Mswada wa Fedha, hapa Nakuru pia. Mliona yale mabango. Manila, kalamu nene ya wino, na utani unaochoma. Mtu alikaa chini nyumbani, akapima herufi zake, akapaka rangi, akabeba kazi ya mikono yake hadi mbele ya vitoa machozi. Halafu swali la wakubwa likawa lipi? Nani anawalipa? Julai 15, pale Keringet, kaunti yetu hii hii, rais akaitaja Ford Foundation kuwa inafadhili vurugu, na shirika likakana. Mimi nilisikia lile swali la mjomba wa matangani, limevaa suti tu. Nchi ikizoea kuuliza bei ya kila kitu, haiwezi tena kuelewa mtu aliyenunua manila kwa pesa yake kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema.

Sasa nigeukie watu wangu, nyinyi wapenzi wa madaftari, kwa sababu hatuko safi pia. Kuna mtu ana planna ya bei ya kodi ya nyumba, kalamu za rangi 24, stika za kutoka ng'ambo, na kwa ukurasa wa kwanza hajaandika hata jina. Anaogopa kuharibu. Huyo naye ameingia soko lile lile kupitia mlango mwingine. Wa kwanza anakuambia lazima uuze, wa pili anakuambia lazima ununue, na wote wawili hawajali utaandika nini. Hata ile Moleskine inayotajwa kama daftari la wasanii wa kale ni chapa iliyoanza kuuzwa 1997 na kampuni ya Milan. Wasanii wenyewe walitumia madaftari ya dukani ya siku zao. Ngũgĩ wa Thiong'o alipozuiliwa Kamiti, kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, aliandika riwaya nzima, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwa karatasi ya choo ya jela. Kwa hivyo usiniambie unangoja karatasi nzuri ifike na kuria.

Kaunta buku ya duka la mtaa inatosha. Vika kitenge, bandika picha ya kalenda ya mwaka jana, andika vibaya ukurasa wa kwanza makusudi ndiyo hofu iishe. Mimi ukurasa wa kwanza huwa najaribia kalamu zote nilizo nazo. Unakuwa mchafu, na baada ya hapo daftari linaacha kukutisha.

Na kabla mniambie, "Lakini wewe unalipwa na kontenti," najibu mapema. Ndiyo. Hii ni kazi yangu. Naangalia watazamaji wangapi, nani ametoka, saa ngapi nzuri ya kuweka video. Ndiyo maana kuna maombi mengi hapa, "tuonyeshe ndani ya daftari lako," na sijawahi na sitawahi. Nawaonyesha jinsi ya kukunja, jinsi ya kushona, gundi gani inaacha alama. Jalada mnaona. Ndani hapana. Siku nitakayoanza kuandika nikifikiria kamera, nitaanza kuandika mwandiko mzuri, kisha mawazo mazuri, kisha uongo. Ndani kuna orodha ya madeni, kuna mtu nimemkasirikia, kuna ndoto nimeota, kuna mchoro wa Menengai ambao unafanana na sufuria. Hakuna mtu atauweka laiki. Ndiyo sababu naupenda.

Sasa kazi yenu. Wiki hii mtu atakuonyesha kitu. Labda dada yako amefuma kofia, labda jamaa wa darasa lako amechora, labda mzee wa jirani ametengeneza kiti kidogo cha mbao bila sababu. Ulimi utataka kuuliza bei. Ushike. Muulize ameanzaje hapo pembeni. Muulize mbona amechagua hiyo rangi. Muulize sehemu gani ilimsumbua, halafu unyamaze umsikilize akijibu, kwa sababu hajawahi kuulizwa na atakuwa na mengi.

Kama ni wewe unaulizwa, jibu lipo na ni maneno mawili tu. "Ni yangu." Mjomba atashangaa kidogo, atarudi kwa chai yake.