Injini Haifungwi Peke Yake

Msafiri apandaye mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto, mwendo wa kilomita zipatazo 30, haoni ajabu kukuta gari limesimama kando ya barabara, boneti wazi, mvuke ukifuka, na utingo anashuka bondeni na dumu kutafuta maji. Abiria wameketi juu ya mawe. Miongoni mwao yumo mgonjwa anayekwenda hospitali. Dereva atasema kwamba injini ni nzima, imefungwa juzi tu. Nasi twamsadiki. Kosa si la injini.

Land Rover 109, ambazo uundaji wake ulikoma mwaka 1985, zingali zikiwatumikia wananchi wa milimani. Injini zake za awali za lita 2.25 zimechoka, na baadhi ya wenye magari wamefunga badala yake injini za dizeli za mtumba kutoka Japani. Hatuwalaumu, gari lifanyalo kazi halitupwi. Tunalolilaumu ni desturi ya kumaliza fedha zote katika injini, kisha kuiunganisha na rejeta kuukuu kwa mipira ya kuokoteza.

Kati ya robo na theluthi ya joto la mafuta yanayoungua huchukuliwa na maji. Injini yenye nguvu zaidi, ikipanda mlima na mzigo, humwaga joto ambalo rejeta ya injini dhaifu haikuundwa kulibeba.

Kwa hiyo fundi hana budi kupima kabla ya kununua. Midomo ya rejeta ilingane na ya injini kwa kipenyo, na ikiwezekana kwa upande. Mpira uliolazimishwa kwa kukazwa bano hufyatuka maji yakipata shinikizo, na uliokunjwa hujifunga wenyewe. Afadhali kipande cha bomba la chuma kilichopindwa vizuri. Feni nayo itazamwe: isiwe mbali na rejeta, iwe na kava lake, na ivute hewa badala ya kuisukuma nje.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kuliko vyote. Pale Lushoto, penye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Kifuniko kizima cha kilo 1 kwa sentimita ya mraba huyazuia yasichemke hadi karibu nyuzi 120. Lakini kifuniko chenye nguvu kupita kiasi hupasua rejeta kuukuu. Kila kimoja kiendane na mwenzake.

Kadhalika tunakemea tabia ya kuitoa thamostati na kuitupa kwa madai kwamba inaleta joto. Katika injini nyingi za Kijapani kifaa hicho ndicho pia kinachoifunga njia ya mchepuko. Kikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurejea ndani ya injini bila kupita katika rejeta. Fundi aliyedhani anapoza, kumbe anachochea moto.

Tunatoa wito kwa wenye magari: mnapopanga bei ya injini, pangeni papo hapo na bei ya rejeta, pampu, feni na mipira yake, na pale mnunuapo injini, ombeni vifaa vyake vya kupozea vije navyo. Kwa mafundi twasema: gari lisikabidhiwe kabla ya kujaribiwa mlimani likiwa na mzigo. Na VETA na SIDO, vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya ufundi na viwanda vidogo, tunavisihi viwasaidie mafundi wa gereji ndogo kupata vipimo na kutengeneza mabomba ya kuungia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira mmoja usiolingana huunguza gasketi, gasketi hupindisha silinda hedi, na injini iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka huishia kuwa chuma chakavu. Mwenye gari hupata hasara ya fedha. Mgonjwa aliyeketi juu ya jiwe huenda akapata hasara isiyolipika.