KUZOEA SI KUPONA



Kuna neno moja linalotuua polepole, nalo twalisema wenyewe kwa vinywa vyetu. Neno hilo ni "nimezoea." Mwulize dada anayevuna waridi katika grinihausi za Naivasha kama mgongo wamwuma. Atajibu, "Nimezoea." Mwulize kijana wa msumeno kule Elburgon kama makelele hayamsumbui. "Nimezoea." Mwulize mpiga dawa kama haisikii ile harufu kali. Atacheka: "Zamani niliisikia, sasa siisikii tena."

Sisi twasema hivi: kuzoea si kupona.

Tuanze na pua. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda mrefu huchoka, ikaacha kuleta habari. Lakini dawa haikuondoka. Ingali hewani, ingali juu ya majani, nayo yaingia kwa pumzi na kwa ngozi. Mlinzi akilala langoni, je, wezi wamekwisha? Kichwa kikiuma baada ya dawa kupigwa, jasho likitoka ovyo, kifua kikibana, macho yakiona ukungu, huo si uvivu. Ni mwili unapiga kengele.

Sasa sikio. Anayesema amezoea mashine mara nyingi hakuzoea. Amepoteza sehemu ya masikio yake. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo vya kusikilizia, na vikifa havioti tena. Ukilazimika kupiga kelele ili usikiwe na mwenzako aliye karibu nawe, ama ukilala usiku na mlio masikioni, jua kuna jambo. Kanuni za kelele za 2005 zakataza mfanya kazi kuwekwa katika kelele inayopita desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Ni nani aliyekuja kupima mahali pako?

Na mkono je? Anayepanga waridi kwa madaraja hugeuza kifundo kile kile tangu asubuhi mpaka jioni, na siku za kukaribia tarehe 14 Februari mpaka usiku. Vidole vikifa ganzi kitandani, kikombe cha chai kikiponyoka mkononi, si uzee wala si kurogwa. Ni mshipa wa fahamu unaobanwa ndani ya kifundo. Ukitibiwa mapema hupona. Ukingoja, mkono hudhoofika kabisa.

Mabwana wengine husema kwamba malalamiko ya namna hii ni ya wavivu. Twawajibu kwa mfano wao wenyewe. Mwenye shamba akisikia injini ya pampu inagonga, huizima mara moja, akaita fundi. Hasemi, "Injini imezoea." Kwa nini basi mgongo wa mtu uwe rahisi kuliko pampu?

Babu zetu katika mashamba ya Wazungu hapa Bonde la Ufa walivaa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyao, jina la bwana, na mshahara. Maumivu yao hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Kipande kilikwisha. Leo mashina ya waridi yahesabiwa, masanduku yahesabiwa, hata dakika za chooni zahesabiwa. Maumivu yetu bado hayana kitabu.

Lakini tusiwalaumu mabwana peke yao. Sisi wenyewe twamcheka mwenzetu anayesimama kidogo kunyoosha mgongo. Twamwita mlegevu. Anayevumilia mpaka aanguke ndiye twamsifu. Sifa hiyo yamfaidi nani? Akianguka, atarudishwa kwao Molo ama Subukia na mgongo uliokwisha, na kesho yake mwingine atasimama mahali pake.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yaagiza kwamba penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Sheria hiyo hiyo yasema mfanya kazi aliyeona hatari kubwa ya kweli akaondoka mahali hapo asifukuzwe wala asiadhibiwe. Nayo Sheria ya Fidia ya 2007 haihesabu ajali tu. Yahesabu na magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini sheria haina pua wala masikio. Yangoja sisi tuseme.

Kwa hiyo twawaomba ndugu wote:

1. Kila jioni usikilize mwili wako. Ni wapi panapouma, tangu lini, baada ya kazi gani? Andika tarehe.

2. Mwambie mjumbe wako wa kamati. Watu kumi wenye maumivu yale yale si wagonjwa kumi. Ni kazi moja iliyopangwa vibaya.

3. Kabla ya kuingia penye dawa, uliza: ni dawa gani, imepigwa saa ngapi, na karatasi yake yasema tungoje saa ngapi?

4. Mwenzako akinyoosha mgongo, usimcheke. Nyoosha na wewe.

Neno "nimezoea" tulitupe. Mahali pake tuseme, "Naumwa, na sababu naijua."

Umoja ni nguvu!